Mchezo wa Amani Uliokosa Mjomba

“Hao watu unaokwenda kuwafundisha amani, wamegombana na nani?”

Mama aliniuliza hivyo nilipokuwa nafunga sanduku langu, nyumbani kwetu Lindi. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu kule Kampala na shahada, jozi mbili za viatu, na tabia ya kuhoji kila kitu, kuanzia mahubiri hadi bei ya dagaa. Swali la mama lilinishinda. Nikamjibu kwamba ofisi inajua. Mama akasema, “Haya,” kwa sauti ileile anayoitumia kumjibu mtu anayedai kwamba mvua ya leo itakuwa ndogo tu.

Ofisi nayo haikujua. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, serikali ilipogundua kwa ghafla kwamba tulihitaji kuendelezwa upesi. Mkubwa wetu, mzungu mwembamba tuliyemwita Bwana Maendeleo, alikuwa ameona picha za Wamakonde wenye chale usoni, akakata shauri kwamba mwanamume aliyekubali kuchanjwa uso namna ile hawezi kumhurumia mkewe. Uso wake mwenyewe ulikuwa umeungua jua mpaka ukabambuka, lakini hakuna aliyemtungia mchezo.

Maana dawa yake ilikuwa mchezo wa kuigiza. Aliutunga mwenyewe kwa Kiingereza, mimi nikautia katika Kiswahili, ukaitwa “Nyumba Yenye Amani”. Mume aitwaye Hasira anarudi nyumbani amelewa, anamwaga ndoo ya maji kwa ghadhabu, anampiga mkewe kwa sababu ugali umepoa. Mara anaingia Bwana Afisa mwenye kofia ngumu ya kizungu, anasema maneno machache juu ya subira, na Hasira analia, anatupa fimbo, anashika ufagio. Nilimwuliza Bwana Maendeleo kama amewahi kumwona mtu aliyebadilika upesi hivyo. Akaniambia huo ndio uzuri wa sanaa.

Hasira aliigizwa na Sifaeli, karani wa ofisi yetu, mtu wa Tanga, mrefu, mwenye paji pana la uso, masharubu membamba kama mstari wa penseli, na nywele alizozigawa njia kwa kitana kila asubuhi. Bwana Maendeleo alimwita mwanamume wa mfano. Mimi nilikuwa mke wake wa mchezoni. Mke wake wa kweli, Mama Tekla, Mmakonde wa Mkunya, kijiji cha kule Newala, alikuwa fundi wa kushona, na alichukuliwa ili atunze nguo zetu za kuigizia. Alikuja na cherehani yake na binti yao Tekla, mtoto wa miaka minne. Tukimaliza safari, Sifaeli alikuwa ahamie Tanga na familia yake. Uhamisho huo ulikuwa zawadi ya tabia njema.

Tuliondoka Lindi kabla jua halijawa kali. Dereva wetu, Ausi, alikuwa Mmakua wa Masasi, na ndiye pia aliyepiga ngoma na kuvaa kofia ya Bwana Afisa, ambayo ilitengenezwa kwa boksi la sabuni. Sifaeli alikaa mbele naye. Sisi wanawake tulikaa nyuma ya lori juu ya magunia. Joto lilikuwa la kuoka muhogo, lakini Mama Tekla alijifunika kanga mpaka viganjani.

Tuliposimama Nyangao kunywa chai, Ausi alimtazama. Wamakua na Wamakonde ni watani, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kusema ambayo mimi na shahada yangu hatukuwa nayo.

“Mtani,” akasema, “mkono huo unaumwa nini? Au siku hizi Wamakonde mnachanjana mpaka mabegani?”

“Nyamaza, Mmakua wewe. Babu yako alijificha ghalani mwa babu yangu, mpaka leo anaogopa kutoka.”

“Anaogopa wanawake wa Kimakonde. Sasa nasikia wao ndio wanaoogopa.”

Mama Tekla akacheka, kisha akaacha kucheka. Sifaeli hakuwa mtani wa mtu yeyote pale. Alikunywa chai yake, akatazama barabara kama mtu asiyesikia.

Alasiri tuliingia Masasi, chini ya vile vilima vya mawe matupu vinavyong'aa kama vichwa vilivyonyolewa. Tulipokelewa na Mama Festo, mke wa mwalimu wa misheni, mwanamke mnene mwenye maswali mengi. Nikampenda hapo hapo.

Tuliigiza katika ukumbi wa shule siku ya pili. Wakristo wa Masasi walikaa kwa safu, wakatusikiliza kama watu wanaosikiliza mahubiri ya mgeni: kwa adabu, na kwa matumaini kwamba yatakwisha. Nami niligundua jambo lililokuwa limenikwepa Lindi, tulipofanyia mazoezi mbele ya kiti cha Bwana Maendeleo. Sifaeli alijua kupiga. Fimbo yetu ilifungwa vitambaa, wala hakuniumiza hata kidogo, lakini mkono wake haukutafuta njia. Ulikunjwa, ukapima, ukashuka mahali ambapo nguo hufunika. Watu walimsifu kwa kuigiza vizuri. Nikiwa chini sakafuni nilianza kujiuliza mazoezi hayo yote aliyafanyia wapi.

Mwisho wa mchezo Bwana Afisa wetu aliuliza kama kuna swali. Mama Festo akasimama.

“Huyu mwanamke kwao ni wapi?”

Sifaeli akatabasamu. “Mama, huu ni mchezo tu.”

“Najua, baba. Nauliza mchezoni. Mchezoni kwao ni wapi? Hana ndugu?”

“Hawakuandikwa.”

“Aa,” akasema Mama Festo, akakaa. “Basi atapigwa sana.”

Asubuhi nilimkuta Mama Tekla uani, ndani ya ua wa nyasi tulimokuwa tukiogea. Mama Festo alikuwa akimkanda kwa kitambaa cha maji moto. Mkono wote, toka begani hadi kiwikoni, ulikuwa na rangi ya zambarau. Hakuna aliyenifukuza. Nilichuchumaa, na kwa kuwa nilikuwa msomi nikatoa ushauri.

“Mshitaki barazani.”

“Nimshitaki kwa nani, binti? Bwana Maendeleo anamwita mfano.”

“Basi usiende naye Tanga.”

“Nisipokwenda atamchukua Tekla. Kwao mtoto ni wa baba. Kwetu mtoto ni wa mama na wajomba zake.” Alijifunika kanga. “Mimi nataka nifike Mkunya kabla sijafika Tanga. Basi. Nikifika, mjomba atanitazama mwenyewe.”

“Hajui?”

“Maneno ya namna hii humtumi mtu akuchukulie kama furushi la muhogo.”

Mama Festo akakikamua kile kitambaa mpaka maji yakaisha. “Ndoa ni mtihani,” akasema. “Lakini hata mtihani una msimamizi.”

Kutoka Masasi tulipita mashamba ya mikorosho, kisha lori likaanza kupanda kuelekea Newala. Njia ile inapanda kama mtu mwenye pumu: hatua chache, kupumua, hatua chache tena. Huko juu upepo ni mzuri, na ukisimama ukingoni unaona bonde lote la Ruvuma chini yako. Unachokosa ni maji. Maji yako bondeni, watu wako juu, na kati yao kuna mgongo wa mlima na vichwa vya wanawake. Tuliwapita wakipanda kwa foleni na mitungi yao, hakuna hata mmoja aliyetikisa shingo. Mwenyeji wetu alitupa kibuyu kimoja tunawe uso sote, akasimama pembeni kuhakikisha hatumwagi.

Hata baada ya kuyaona hayo, hatukuwaza juu ya ile ndoo ya mchezo.

Tuliigizia kwenye uwanja wa boma. Watu walijaa, Waislamu na Wakristo, wazee waliochanjwa usoni, wanawake wenye ndonya, vile vipande vya mti, kwenye mdomo wa juu, watoto juu ya kuta. Bwana Shauri, mzungu mwenye wilaya, alikaa kwenye kiti chini ya mwavuli, karani wake kando. Sifaeli aliingia akipepesuka, akainua ndoo, akaimwaga.

Uwanja mzima ulipiga ukelele. “Maji!” Wanawake wawili waliruka mbele na mabakuli yao, wakakuta mchanga umekwisha kunywa. “Mwendawazimu huyu!” akalia mmoja. “Mama yake alizaa nini?” Ilichukua muda mrefu kuwatuliza. Nilipopigwa baada ya hapo, lilikuwa jambo dogo.

Halafu bibi mmoja akauliza kwa sauti iliyofika kila pembe: “Mjomba wake yuko wapi?”

Sifaeli aliendelea kupiga.

“Mjomba!” wakaitika wengine. “Aitwe mjomba!”

Sifaeli akashusha fimbo. “Hayumo,” akasema. “Atakuja Bwana Afisa.”

“Bwana Afisa ni ndugu yake?”

“Hapana.”

“Ameoa kwao?”

“Hapana, bibi!”

“Sasa anaingiaje nyumbani mwa watu?”

Ausi, aliyekuwa amekwisha vaa boksi lake, alilivua taratibu akalificha nyuma ya ngoma. Watu wakakaa chini, wakanyamaza, wakangoja. Si kwa ghasia. Walingoja kama watu wanaomngoja mgeni aliyechelewa, ambaye bila yeye chakula hakipakuliwi.

“Wanangoja nini?” Bwana Shauri akamwuliza karani.

“Mjomba, bwana.”

“Lakini hakuna mjomba katika mchezo huu.”

“Ndiyo, bwana. Ndiyo sababu wanangoja.”

Huku juu mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, na ndugu wa mama ndiye msemaji wa mwanamke. Mke apigwaye na asitokee mjomba si mke, ni mtu aliyeokotwa njiani. Bwana Maendeleo alikuwa ametunga hadithi ambayo kwa watu wale haikuwa na kichwa, akashangaa kwa nini haitembei.

Mimi bado nilikuwa nimelala mchangani. Niliona miguu miwili mikavu ikipita karibu na uso wangu. Mzee mfupi alivuta kiti cha mchezoni, akakikalia.

“Nimefika,” akasema. “Semeni.”

Makofi yalivuma. Bwana Shauri naye alipiga makofi, akamwambia karani kwamba haya ndiyo maendeleo hasa, wananchi wanashiriki. Ni Sifaeli peke yake ambaye hakufurahi. Jasho lilianza kumtoka pajini, na masharubu yake yakapinda kidogo. Mzee yule alikuwa Mzee Chitanda wa Mkunya, mjomba wa kweli wa Mama Tekla, aliyekuja kutazama mchezo kama watu wengine.

Mzee akainama kwangu. “Mpwa wangu, mara ya ngapi hii?”

Mchezo wetu haukunipa jibu, maana mke wa Hasira hasemi, hulia tu. Ndipo sauti ikatoka nyuma, kwenye sanduku la nguo.

“Si mara ya kwanza, mjomba.”

Mama Tekla alikuwa amesimama, Tekla mkononi. Alishusha kanga begani, akangoja atazamwe. Mzee alimtazama kwa utulivu, kama fundi anayekagua paa lililovuja. Kisha akainuka.

“Tumesikia,” akasema. “Mchezo huu hauwezi kuishia hapa. Uletwe Mkunya, nasi tutautilia mwisho wake.”

“Vizuri sana!” Bwana Shauri akasema, akaamuru twende. Sifaeli alitaka kuugua. Bwana Shauri akamhakikishia kwamba hewa ya Mkunya ni safi.

Baada ya siku chache tulikuwa Mkunya. Tuliletewa ugali wa muhogo, tukala, tukaamkiwa na kila mtu. Sifaeli aliamkiwa kuliko wote. Hakuna aliyemsuta wala kumgusa, na nadhani hilo lilimtisha zaidi. Alasiri ngoma zilianza uwanjani. Wanawake walijipanga upande mmoja, wakaanza kuimba. Vijana wakakimbia kuelekea vichakani na kurudi, kana kwamba wanamvuta mtu asiyetaka kuja.

Alipotokea, wimbo ulikatika kwa vicheko.

Lilikuwa lipiko, yule mcheza ngoma wa Kimakonde aliyevaa kichwa cha mti na kufunikwa nguo mpaka vidole. Kichwa hicho kilikuwa cha Sifaeli. Kulikuwa na lile paji. Kulikuwa na masharubu ya penseli, na nywele za kweli zilizobandikwa na kugawanywa njia. Mkononi alishika fimbo iliyofungwa vitambaa, kama yetu. Akapepesuka hadi katikati, akakiinamia kinu kilichowekwa pale, akakipiga. Akakikumbatia. Akakiombea msamaha huku akilia na kujipangusa kwa leso, akachukua ufagio, akafagia mara mbili, akatazama kushoto na kulia, akakipiga tena kinu. Na tena leso. Kila toba ilikuwa fupi kuliko ile iliyotangulia, mpaka mwishoni alikuwa akipiga kwa mkono mmoja na kujipangusa machozi kwa mkono wa pili.

Niliwaona wazee wamelala chini kwa kucheka. Ausi alikuwa ameng'ang'ania mlango wa lori. Katika yote hayo Tekla alinyoosha kidole akasema wazi, “Baba!”

Sifaeli akaingia uwanjani. “Nani huyo? Nitamshitaki!”

“Umshitaki nani?” Mzee Chitanda akauliza kwa upole.

“Huyo aliyemo ndani!”

“Hamna mtu ndani. Hilo ni lipiko. Limetoka ardhini.”

Mimi sikuamini mambo ya ardhini. Nilimgeukia mama mmoja aliyekuwa akifuta machozi ya kicheko. “Mama, ni nani yule ndani?”

“Ndani ya nini?” akaniuliza, macho makavu ghafla. “Sisi wanawake hatujui mambo hayo.” Kisha akapiga kelele, “Geuka, Athumani, hatukuoni huku!” na lipiko likageuka.

Sifaeli alikuwa mwigizaji, na pengine hiyo ndiyo iliyomponza. Angeweza kuvumilia kuitwa mkatili. Kuigwa vibaya hakuweza. “Mimi sitembei hivyo!” akapaza sauti.

“Unatembeaje, shemeji?” kijana mmoja akauliza. “Tuonyeshe.”

Akatembea. Alivuta kifua, akainua kidevu, akapiga hatua zake za mwanamume wa mfano kuvuka uwanja. Lipiko likafuata nyuma yake, hatua kwa hatua, bega kwa bega, na hapakuwa na tofauti hata ya unywele. Alipogeuka akajiona, akasimama. Ngoma nazo zikasimama. Sijapata kuona mtu aliyebaki peke yake hivyo katikati ya watu wengi.

Mzee Chitanda alingoja vumbi litue. “Baba Tekla,” akasema, “ulimchukua binti yetu ukamweka mbali na macho yetu. Huko ulikuwa mchezaji na mtazamaji peke yako. Sasa amefika kwao. Ukitaka mke, njoo ukae hapa, ulime, ulale mahali tunaposikia. Ukitaka Tanga, barabara ni hiyo.”

“Na mtoto?”

“Mtoto amekwishafika nyumbani.”

Mama Tekla hakungoja waamue zaidi. Alikwenda kwenye lori, akaishusha cherehani yake mwenyewe, akaibeba kichwani akapita mbele ya mumewe bila kutikisa shingo, kama wale wanawake wa maji.

Nikabaki na Mzee. Tabia yangu haikuniacha hata hapo. “Shikamoo, mzee. Na wanaume wa hapa Mkunya, hawapigi wake zao?”

“Marahaba. Wanapiga,” akasema. “Ndiyo maana tuna vinyago vingi.”

Tulirudi Newala, na Sifaeli akaenda bomani kushitaki kwamba ametukanwa na kunyang'anywa familia. Nilikuwepo. Bwana Shauri alisikiliza kwa makini, akashika kalamu.

“Aliyekutukana ni nani?”

“Lipiko, bwana.”

Bwana Shauri akamtazama karani. Karani akaeleza kwamba lipiko si mtu, halina jumbe wala kijiji, hutoka ardhini na kurudi ardhini.

“Hatuwezi kulipelekea wito?”

“Nani ataupeleka, bwana?”

Bwana Shauri akaweka kalamu. Kuhusu mke, alisema serikali haiingilii mila za wenyeji, jambo ambalo mimi niliyekuja kwa lori la serikali kuziingilia nililipokea kwa mshangao.

Katika safari ya kurudi Sifaeli alikaa mbele, nywele hazikugawanywa njia. Masasi, Mama Festo alihesabu vichwa vyetu, akaona nani amepungua, akatupikia kuku. Lindi, Bwana Maendeleo alifurahi kusikia kwamba mchezo wake uligusa watu wa Newala kiasi cha kuucheza wenyewe. Aliniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia nimejifunza kutomwaga maji. Akacheka, akidhani ni methali.

Nilichojifunza kweli sikuweza kumweleza, na hata leo nakishika kwa mashaka. Sisemi kinyago huleta amani. Mikono iliyokichonga kile cha Mkunya ningependa kuiuliza kama nayo haipigi mtu nyumbani. Niliona tu kwamba sisi tulikwenda na mwovu asiye na jina, tukawaomba watu wamchukie, na hakuna aliyeumia. Wao walimleta mwovu mwenye masharubu yake, wakamcheka mbele ya mkewe, na baada ya hapo mwanamke mmoja alilala bila kujifunika mkono.

Sifaeli alikwenda Tanga. Mama Tekla nilimwona tena baada ya miaka mingi, uhuru umekwisha kuja na sisi sote tumenenepa, katika soko la Masasi. Tekla alikuwa ameolewa. Mama yake aliniambia kwamba kijana alipokuja kuposa, wajomba hawakumwuliza habari za mali wala dini. Walimpeleka kwanza vichakani, mahali ambapo wanawake hatufiki na hatujui kuna nini, wakafunua kitambaa, wakamwambia huyu ndiye mkweo, msalimie. Kijana akapiga magoti mbele ya kile kichwa cha mti chenye masharubu ya penseli, akasema shikamoo, na wajomba wakamwacha pale, angoje mpaka aitikiwe.